Kinywa cha Hondón

Los Albares, 6 Machi 2006

Mjukuu wangu Leocadia,

Barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, husomi kitu ila umesimama na mkono mmoja ukitafuta funguo. Sisi huku tupo. Milozi ilichanua mapema, kisha baridi ikarudi na kuichoma, kwa hiyo Krismasi ijayo usitegemee lozi zangu. Kifua kinapiga filimbi asubuhi, lakini kikishapata kahawa kinanyamaza. Viorica, huyu Mromania uliyenitafutia anitunze, hakubali.

"Bibi Engracia," aliniambia jana, "kwetu mgonjwa analala kitandani. Wewe daktari kakulaza, halafu nakukuta shambani."

Nikamwambia kwetu pia mgonjwa hulala. Mimi nina kikohozi tu.

Kijijini tumebaki wachache kiasi kwamba tunatambuana kwa vikohozi. Mtoto wa mwisho wa Fuensanta naye kahamia huko kwenu mjini, na shule niliyofundisha miaka yangu yote sasa ni stoo ya chakula cha mbuzi. Sisikitiki. Watu huenda penye kazi, na kazi iko kwenye mabanda yenu ya plastiki ya kuoteshea mboga.

Sasa neno lenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu watatu wenye fulana za manjano wakasimama pale Kinywani, kwenye ukingo wa korongo juu ya shamba letu, na fimbo zao za kupimia. Nikamtuma jirani yangu Ginés akawasikilize. Aliwauliza wanapima nini.

"Tunapima uharibifu, mzee."

"Uharibifu upi?"

"Huo mwanya kwenye ukingo."

"Huo si mwanya. Hicho ni kinywa."

Wakacheka. Mdogo wao akasema, "Basi tutakifunga, kisije kikatusengenya."

Wewe ni diwani wa mipango huko Marchalejo. Ramani zote zinapita mezani kwako. Niambie ni nini hiki. Usipige simu, masikio yangu hayashiki tena simu na bonde hili halishiki mawimbi. Andika. Msalimie mumeo Jacinto, na umbusu kitukuu changu Telmo.

Bibi yako,
Engracia

*

Marchalejo, 21 Aprili 2006

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua umeshamwambia Viorica kwamba wanasiasa hujibu barua wakati wa uchaguzi tu. Nisamehe. Huku sote wazima. Mgongo wa Jacinto unamsumbua tangu alipobeba friji ya dada yake peke yake ili asimpe shemeji nafasi ya kusaidia. Telmo kaanza shule, ila shule yenyewe ni makontena ya bati kwenye uwanja wa kuegeshea magari, kwa sababu ile ya zamani imejaa. Anasema mwezi wa pili alisoma ndani ya friji na sasa anasoma ndani ya oveni.

Ndivyo mji ulivyo. Nilipozaliwa tulikuwa watu elfu saba. Januari meya alipanda ngazi kwenye kibao cha kuingilia mjini, kama desturi, akapaka rangi namba mpya: elfu arobaini na nane. Bendi ikapiga, nami nikalia kidogo, usicheke. Jirani zetu wa Puerto Laja waliokuwa wanatuita wala-matango sasa wako nyuma yetu. Jiji kuu la jimbo limesimama pale pale, vijiji vinazimika, na miji ya katikati kama wetu inaumuka kama unga uliosahauliwa karibu na jiko. Tukifika elfu hamsini tutapata mabasi yetu wenyewe, na pengine hospitali. Hebu fikiria, Bibi, usiteremshwe tena kilomita zote zile hadi jijini kupigwa picha ya kifua.

Wale wa fulana za manjano ni wetu. Ni ukarabati wa ukingo, na jimbo ndilo linalolipa. Kwenye ramani pameandikwa "mwanya", nao wanaujaza. Hakuna cha kukuhangaisha. Tena ukingo ukishakuwa mzima shamba lako litapanda thamani, kuna kampuni ya mabanda imeliulizia kwangu. Tutazungumza.

Sisi tunatafuta nyumba kubwa kidogo. Mambo yakitulia nitakueleza.

Kunywa dawa, si kahawa.
Leocadia

*

Los Albares, 11 Mei 2006

Leocadia,

Nimefurahi kwamba ulilia kwenye bendi. Babu yako naye alikuwa mtu wa kulilia bendi. Mwambie Jacinto ajipake mafuta ya kafuri na aache ubishi na shemeji. Viorica kapata barua kwao, bintiye kaolewa na yeye hakuwapo. Kapika kabichi siku nzima bila kusema neno, nami nikala bila kusema neno.

Jumatatu wamekuja na zege. Nilikaa dirishani nikaangalia. Waliweka mbao, wakamwaga, wakalainisha kwa mwiko, na kabla ya chakula cha mchana Kinywa kilikuwa kimezibwa. Kazi safi sana, sina la kusema juu ya kazi yao.

Sasa nisikilize kama nilivyokuwa nikikusomesha mezani kwangu. Korongo la Hondón ni kavu miaka mingi, kisha alasiri moja ya vuli, yale mawingu mazito tunayoyaita tone baridi yanapokaa juu ya milima, linashusha maji kama ukuta. Wazee wetu hawakuwa na nguvu ya kuuzuia ukuta. Walifanya jingine: waliutoboa ukingo kwa makusudi, hapa kwetu na juu zaidi kwa kina Pardo, na kwa wengine hadi mlimani, kila shamba na kinywa chake. Maji yakija yanaingia vinywani, yanashuka tuta kwa tuta, yanalowesha milozi, na yanayofika chini kwenu yanakuwa yamechoka. Sisi tulipata maji, na watu wa chini walipata usingizi. Kila Septemba kabla ya mvua, kila nyumba ilitoa mtu na jembe wakasafisha vinywa vyote kwa zamu, na asiyekuja alipewa jina ambalo siandiki. Na sheria ilikuwa moja. Hakuna anayeziba kinywa bila kumwambia aliye chini.

Kina Pardo walihama, mabanda yakajengwa, vinywa vyao vikafukiwa kimyakimya. Kwa kina Úbeda vivyo hivyo. Changu kilikuwa cha mwisho.

Naandika haya kwako uliye chini, kama sheria inavyotaka.

Na nina maswali mawili. Dada yake Ginés anasema pale Hondón, sakafuni mwa korongo tulipokuwa tukichuma kapari za kutia siki, kumesimama kreni. Mnajenga nini? Na hiyo nyumba mnayoitafuta iko wapi? Jibu la pili kwanza.

Bibi yako

*

Marchalejo, 24 Juni 2006

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Jana tuliwasha mioto ya Mtakatifu Yohana na Telmo kachoma daftari lake la hesabu. Mwalimu wake alikuwa pembeni akaniambia, "Diwani, ana kipaji cha bajeti huyu." Joto limeingia. Jacinto amekubali mafuta ya kafuri, sasa nyumba nzima inanuka kama sanduku la marehemu.

Ndiyo, Hondón tunajenga. Mtaa unaitwa Mirasol, majengo sita, ya kwanza yameshaanza kupokea watu, kisha shule ya kweli ya matofali, na chekechea. Najua utasema nini, ila naomba kwanza uje uone foleni iliyo nje ya ofisi yangu. Kuna mama ananisubiri kila Jumanne, analala na watoto wanne ndani ya banda la mbolea. Kuna vijana wa Los Albares yako mwenyewe wanaolipa kupanga nusu ya chumba. Watu hawangoji tumalize kufikiri ndipo waje, Bibi. Wanakuja, na kila ardhi nyingine ina banda la plastiki juu yake na mwenye banda hauzi. Hondón ilikuwa tupu. Nimeuliza kwa nini ilikuwa tupu, nikaambiwa ni kwa sababu wazee waliiogopa.

Maji ya kutisha hayajapita pale tangu kabla sijazaliwa. Na chini ya barabara tumelaza kalavati ambalo unaweza kuendesha gari ndani yake. Mhandisi kasoma Madrid. Si mtu wa fulana za manjano.

Ile kampuni ya mabanda inasubiri jibu. Wanataka kusawazisha matuta na kujenga. Ukitia saini sasa, unaweza kukaa kwenye nyumba yako maisha yako yote. Wamekubali hilo.

Nakubusu sana,
Leocadia

*

Los Albares, 3 Julai 2006

Leocadia,

Hukujibu lile swali la pili, lakini posta imenijibu. Sheria inakutaka uandike anwani yako nyuma ya bahasha, na wewe ni mtu wa sheria. Mirasol, Jengo la Pili, Ghorofa ya Chini.

Ghorofa ya chini.

Matuta yangu ya chini watu wa kampuni waliyasawazisha Juni bila saini yangu. Walisema mashine ilikosea mpaka. Siuzi.

Njoo Agosti, sikukuu ya San Roque. Uje na Telmo.

Engracia

*

Marchalejo, 9 Septemba 2006

Bibi,

Agosti sikuja na sikuandika. Ningekuja ungenitazama, na ningeandika ningedanganya, kwa hiyo sikufanya lolote. Telmo kaota meno mawili ya mbele, makubwa kama ya babu. Jacinto anakusalimu. Anajua ninakuandikia nini.

Nilitia saini mimi. Kujaza mwanya, kujenga Hondón, vyote. Halafu tukachukua nyumba ya ghorofa ya chini kwa sababu ina kiuwanja kidogo, Telmo apate pa kuchezea, na kwa sababu watu walikuwa wananong'ona, "Mbona diwani mwenyewe haishi huko?" Nikaona ndiyo njia ya kuwatoa hofu. Tumekopa benki hadi nitakapokuwa na mvi.

Tangu barua yako ya Mei silali vizuri. Nilikwenda kwa mhandisi nikamuuliza lile kalavati amelipima kwa maji kiasi gani. Hakukasirika. Alinionyesha vipimo vya daraja la zamani, miaka hamsini yake. "Diwani," alisema, "hata mwaka ule wa mafuriko makubwa ya jimbo zima, hapa maji hayakuvuka magoti. Nimeweka mara mbili ya hapo. Lala." Nikarudi nyumbani nimetulia, na nikakaa nimetulia hadi jioni.

Sasa unataka nifanye nini? Niitishe mkutano niwaambie familia zote zile kwamba nyumba waliyokopea maisha yao iko njiani mwa maji? Nani atawanunulia nyingine? Meya anasema Januari kibao kitasoma elfu hamsini na anataka nishike kopo la rangi. Nimemwambia nina wasiwasi. Kaniambia, "Leocadia, mji unaokua una wasiwasi. Mji usio na wasiwasi ni makaburi."

Nakuomba usiandike gazetini. Na nakuomba unijibu kwa upole, kama unaweza.

Leocadia

*

Los Albares, 17 Septemba 2006

Mwanangu,

Nitakujibu kwa upole. Nilikufundisha kusoma kabla hujatimiza miaka mitano na sijawahi kukuona unaandika barua ngumu kama hiyo. Imenikaa mkononi siku nzima. Meno ya babu yako yalikuwa makubwa lakini yalikuwa mazuri, mwambie Telmo.

Kwanza habari ya mhandisi wako. Hajakudanganya, na hesabu yake haina kosa. Maji hayakuvuka magoti pale darajani, ni kweli kabisa. Hayakuvuka kwa sababu sisi tulikuwa tunayanywa. Miaka hamsini amepima masalia ya mezani kwetu, akadhani huo ndio mlo. Mtu wa huko chini hawezi kujua, maana hakuna aliyemwambia kwamba ile mianya yote juu huku ilikuwa kazi ya mikono.

Sasa nina jambo la kuungama. Padre atakuja Jumapili ijayo na nitamwambia, lakini yeye hataathirika kwa lolote, kwa hiyo uanze kusikia wewe.

Nimekifungua Kinywa. Ginés bado ana lile katapila lake la machimboni. Alilitazama zege lile akasema, "Engracia, hii ni mali ya serikali." Nikamwambia, "Na ardhi iliyo chini yake ni mali yangu, na wewe ulikojoa kwenye milozi yangu ukiwa mtoto, sasa lipa." Alilivunja asubuhi moja. Ukingo uko wazi kama alivyouacha baba yangu, na maji yakija yataingia shambani kwetu kabla ya kufika kwako. Si yote. Vya kina Pardo na vya wengine vimekufa, nacho changu ni kimoja tu. Lakini ndicho kikubwa kuliko vyote.

Hilo si ungamo. Hilo ningelifanya tena kesho.

Ungamo ni hili. Chini ya shamba, pale ghalani tulipokuwa tunapurura lozi, wanalala wanaume kumi na mmoja. Ni watu wa Moroko wanaofanya kazi kwenye mabanda. Niliwaachia ghala tangu mwaka juzi, hukuuliza, sikusema. Mkubwa wao anaitwa Sellam. Kila jioni hunipitia, tunakunywa kahawa, ananirekebishia redio. Zamani matuta yangeyapunguza maji kabla hayajafika ghalani. Matuta ya chini hayapo tena. Nikifungua Kinywa, maji yanayomwacha Telmo yanakwenda kwa Sellam moja kwa moja. Nililijua hilo kabla Ginés hajawasha mashine.

Na sikumwambia. Siku tatu Kinywa kikiwa wazi, na mawingu yakiwa mlimani kila alasiri, nilikaa na yule mtu mezani kwangu nikamwongezea sukari nisiseme. Nilijua nikisema ataniuliza kwa nini, na jibu lilikuwa kwamba nimempima yeye na kitukuu changu na nimeshachagua. Miaka yote niliwafundisha watoto kwamba watu huhesabiwa sawa. Kumbe nilikuwa sijawahi kuulizwa swali lenyewe.

Siku ya nne Viorica alisikia ngurumo akaniambia, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi kwa Kihispania changu kibovu?" Nilimwambia mimi mwenyewe. Sellam hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Sasa Mama, twende wapi? Kule chini wakituona wanafunga mlango. Huku juu ni maji. Tuchague lipi?"

Walijaribu kulala nje ya mabanda, mwenye mabanda akawafukuza. Wamerudi ghalani. Wanapeana zamu ya kuangalia mlima.

Leocadia, wewe una funguo. Ginés anasema jengo la nne la Mirasol halijauzwa hata mlango mmoja. Sikuombi kwa ajili ya wema wako. Nakuomba kwa sababu nimewaweka watu wale mahali pa mwanao, nawe ndiye pekee unayeweza kuwatoa. Ghorofa za juu, tafadhali. Si ya chini.

Bibi yako

*

Marchalejo, 26 Septemba 2006

Bibi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, funguo mkononi. Kisha nikaisoma tena nimekaa.

Wamefika. Jacinto alikwenda na gari la kaka yake, safari mbili, akawaleta na magodoro na sufuria na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyenitaarifu habari zake. Wako jengo la nne, ghorofa ya tatu. Sellam alikagua dirisha akauliza maji yakipanda yataishia wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Asante kwa kutosema hapana."

Nami nililala usiku ule, saa chache, kwa mara ya kwanza.

Asubuhi majirani walikuwa mlangoni kwangu. Yule mama wa banda la mbolea, niliyempa nyumba kwa mikono yangu, alikuwa mbele ya wote. "Sisi tulipanga foleni," alisema. "Hawa wamepanga nini?" Sikuwa na jibu ambalo lisingewaambia mengine yote. Kwa hiyo niliwaambia mengine yote, pale pale ngazini, Kinywa, kalavati, magoti, kila kitu. Halafu mmoja akacheka, akasema diwani anataka kutuhamisha ili awape Wamoroko. Wengi waliondoka na huyo. Familia chache zimehamia kwa ndugu. Zilizobaki zimefunga madirisha dhidi yangu.

Meya aliniita. "Umewaleta watu ambao hata hatuwahesabu."

"Basi wahesabu," nikamwambia. "Si ulitaka elfu hamsini?"

Nimesimamishwa. Ijumaa kuna kikao cha kuniondoa rasmi. Lakini hilo si la kukuandikia leo, la kukuandikia ni hili: ametoa amri Kinywa kizibwe upya. Kwake ni uharibifu wa mali ya umma. Mashine itakuja huko Alhamisi. Siwezi kuizuia tena.

Telmo nimempeleka kwa dada yake Jacinto, ghorofa ya tano. Umebaki wewe. Nyumba yako iko ukingoni mwa shamba lile lile. Jumamosi asubuhi nakuja kukuchukua, na ukitaka kubisha, bisha ukiwa ndani ya gari.

Leocadia

*

Los Albares, 29 Septemba 2006, Ijumaa

Leocadia mwanangu,

Barua hii anaileta Viorica kwa mkono wake. Ginés anamteremsha sasa hivi, kabla ya mchana, na wote wawili wamenikasirikia, kwa hiyo wape kitu cha moto na usiwaulize mengi. Viorica ameshika mkoba kama mtu anayekwenda mazishini. Aende kwao akamwone bintiye. Nimempa alichostahili.

Jana mashine ilikuja. Nilikuwa nimeshatoka. Ginés na Viorica walinibeba na kiti changu cha jikoni hadi katikati ya Kinywa, blanketi miguuni, nikakaa. Dereva alishuka kuja kuniondoa. Alikuwa Crispín, yule mtoto wa mwisho wa Fuensanta.

"Mwalimu," akasema, "utanifukuzisha kazi."

"Nilikufukuza darasani mara ngapi, Crispín? Ulikufa?"

"Nina nyumba Mirasol, Mwalimu. Benki kila mwezi."

"Jengo la ngapi?"

"La kwanza."

Nikamwambia basi keti hapa chini nikueleze unaziba nini. Nilimchorea mchangani, korongo, vinywa, daraja, jengo la kwanza. Aliweka kidole penye jengo la kwanza. Kisha akapanda mashine, akaigeuza, na akaondoka nayo hadi mjini. Sijui amewaambia nini. Watamleta mwingine ambaye sikumfundisha, na wakiona kiti kitupu watamaliza kazi kabla ya kahawa kupoa. Kwa hiyo kiti hakitakuwa kitupu.

Nimekaa hapa ninapokuandikia. Hukuniuliza kuhusu ile picha ya kifua ya Februari, nami sikusema. Daktari alinipa hadi majira ya joto. Majira ya joto yamekwisha, na mimi nilikuwa nakopa tu. Usilie kwa hilo kama unavyolilia bendi.

Kwa Padre niliungama habari ya Sellam. Alinisamehe haraka mno, nikajua hakuelewa. Wewe ulipeleka gari. Huo ndio msamaha nilioupokea.

Sasa sikiliza vizuri, na usome hapa mara mbili. Tangu alfajiri tone baridi limekaa juu ya mlima, na halisogei. Chini yake pamekuwa peusi hadi siwezi kuona machimbo. Hapa hakuna tone lililoanguka bado, na mende wanapanda ukingoni kwa mstari. Kinywa kitakunywa kinachoweza. Kama kitatosha sijui, na asikudanganye mtu kwamba anajua. Wapandishe juu wote wanaokubali kupanda, na wasiokubali wagongee mlango tena, hata wakikutukana. Sasa huna cheo cha kupoteza, hiyo ni faida.

Usije Jumamosi, wala usije leo ukishasoma hii. Nakujua, mkono wako umeshagusa funguo. Njia ya kuja kwangu inakatiza korongo mara mbili, na mara ya pili huwezi kuliona hadi uwe ndani yake. Nimekubali kwamba huu ni mwaka wangu, lakini sikukubali kwamba ni wako.

Ginés anapiga honi. Upepo umesimama, na juu kule korongoni, mbali, nasikia mawe yanaanza kugongana.

Weka funguo chini.

Bibi yako,
Engracia